KSM kwa mchakato mmoja mmoja: usiku kurasa zinaungana, mchana zinatawanyika

fundi_kihonda:

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limeninyima usingizi wiki ya pili sasa, naomba tulifikirie pamoja.

Naendesha seva moja hapa Morogoro inayobeba mfumo wa akiba na mikopo wa SACCOS 14. Msimbo ni mmoja, Django (mfumo wa Python wa kujengea tovuti) juu ya Gunicorn (seva inayoiendesha), lakini kila SACCOS ina hifadhidata yake, mtumiaji wake wa Linux na huduma yake ya systemd, ile inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux. Sitaki hata siku moja akiba za walimu zikutane na za wakulima wa miwa ndani ya mchakato mmoja. Hilo niliwaahidi wenyeviti wao uso kwa uso, na silibadilishi.

Gharama ya ahadi hiyo ni RAM. Kila SACCOS ina mchakato mama mmoja na vibarua wanne; vibarua ndilo jina ninaloipa michakato inayopokea maombi ya wateja. Hao ni vibarua 56, na kila mmoja anashika MB 210 za peke yake, yaani kama GB 11.5 kwa jumla. Michakato 14 ya Celery, ya kazi za nyuma ya pazia, inakula GB 4 na ushee. PostgreSQL nimeitengea GB 8. Seva ina GB 32 na bodi yake haipokei zaidi. Nikitazama `free`, safu ya `available` inasoma GB 4.1. SACCOS sita nyingine zimeshaandika barua za kutaka kuingia.

Nikakumbuka KSM (Kernel Samepage Merging), ule uwezo wa kerneli, kiini cha Linux, wa kupitia kumbukumbu, kukuta kurasa (vipande vidogo vya RAM) zenye yaliyomo sawa kabisa, na kuziacha zote zitumie nakala moja. Msimbo wangu ni mmoja mara 56, kwa hiyo nikasema hapa ndipo penyewe. Natumia Ubuntu 24.04, kerneli 6.8, systemd 255. Nimeweka `MemoryKSM=yes` kwenye huduma za Gunicorn na za Celery, nikawasha KSM yenyewe kwa `echo 1 > /sys/kernel/mm/ksm/run`. Mengine sijagusa.

Sasa tazameni. Usiku `pages_sharing`, hesabu ya kurasa zilizookolewa kwa kuungana, inapanda taratibu, na alfajiri inafika kama 400,000. Kwa kurasa za KB 4 hizo ni GB 1.6, nikafurahi. Saa mbili asubuhi madawati yanafunguliwa. Ikifika saa nne iko chini ya 30,000, na inabaki hapo mchana kutwa. Yaani nafuu ninaipata wakati hakuna anayeihitaji.

La pili, na hili ndilo linanitia hofu zaidi. Kila SACCOS ina programu ndogo niliyoandika kwa Go, inayoshika ufunguo wa siri na kusaini maagizo ya malipo. Hiyo sitaki iunganishwe na mtu yeyote. Sijaiwekea `MemoryKSM`, kwa hiyo nadhani iko salama. Nipo sahihi?

---

mtu_wa_bandari:

Mkuu pole. Mimi ningeanza upya na ukurasa safi. `echo 2 > run` ili zote zitenganishwe, halafu `echo 1` tena. Huenda hesabu zimechanganyikana.

---

Nyamizi:

Kaka fundi, tafadhali usiandike 2 mchana wa kazi. Kuandika 0 kunasimamisha ukaguzi lakini kurasa zilizokwisha ungana zinabaki zimeungana. Kuandika 2 kunaiambia kerneli irudishe kila ukurasa kwa mwenyewe, kila mmoja na nakala yake, hapohapo. Ukiwa umeokoa GB 1.6 na una nafasi ndogo kuliko hiyo, utaona mwenyewe michakato inavyouawa kwa kukosa kumbukumbu. Ndugu mtu_wa_bandari amesema kwa nia njema, ila hiyo ni amri ya kutumia ukiwa na nafasi ya kutosha.

Kabla sijasema lolote naomba vitu vitatu: mpangilio wako wa `max_requests` (maombi ambayo kibarua akiyafikisha anabadilishwa), makadirio ya kibarua mmoja anaishi dakika ngapi mchana, na ukitazama `full_scans` (mizunguko kamili ya ukaguzi wa KSM) sasa kisha baada ya nusu saa, imeongezeka kwa ngapi?

---

fundi_kihonda:

Asante dada. Nashukuru sikuwa nimeigusa ile 2.

`max_requests` ni 300. Niliiweka mwaka jana kwa sababu maktaba ya kutengeneza taarifa za PDF inavujisha kumbukumbu, kibarua akikaa sana anavimba. Maisha yao mchana, nimepima kwa logi za Gunicorn: dakika 7 hadi 9. Nilishangaa mwenyewe, sikujua ni mafupi hivyo. Kisha nikajua sababu. Ukurasa wa wavuti wa karani unajisasisha kila sekunde 5 kuonyesha marejesho mapya. SACCOS yenye vivinjari 10 vilivyoachwa wazi inapiga maombi 2 kwa sekunde hata kama hakuna mtu anayebofya kitu.

`full_scans`: kutoka 61 hadi 63 kwa dakika 30.

---

Nyamizi:

Basi jibu lako la kwanza liko kwenye hizo namba tatu, tuzihesabu pamoja.

Mkaguzi wa KSM ni uzi mmoja wa kerneli, `ksmd`. Kwa mpangilio wa kuzaliwa nao anatazama kurasa 100 (`pages_to_scan`), analala milisekunde 20 (`sleep_millisecs`), anatazama nyingine 100. Kwa hesabu ya karatasi ni kurasa 5,000 kwa sekunde, yaani kama MB 20. Wewe umempa vibarua GB 11.5 na Celery GB 4 na ushee: kurasa milioni 4 na kidogo. Gawanya kwa 5,000, unapata sekunde 817. Mzunguko mmoja ni karibu dakika 14, na `full_scans` yako inasema hivyohivyo.

Kibarua wako anaishi dakika 8.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mchakato mpya ukiandikishwa, kerneli inauweka nyuma kidogo ya pale mkaguzi alipofika. Imefanywa hivyo makusudi, maana michakato mingi huzaliwa na kufa papo hapo na hakuna haja ya kuisumbukia. Kwa hiyo kibarua mpya anasubiri karibu mzunguko mzima ndipo atembelewe mara ya kwanza. Wa kwako wengi wanazikwa kabla mkaguzi hajawahi kugonga mlango wao.

Na kutembelewa mara moja mara nyingi hakutoshi. Mkaguzi ana miti miwili. Mmoja una kurasa zilizokwisha unganishwa. Hizo zimefungwa zisiandikwe, kwa hiyo mti wake unaaminika. Akikuta ukurasa wako unafanana na mmojawapo wa hizo, anauunganisha siku hiyohiyo. Asipoukuta, anakokotoa alama fupi ya yaliyomo na kuondoka. Akirudi mzunguko unaofuata na alama haijabadilika, ndipo anasema huu umetulia, anautafutia mwenzake kwenye mti wa pili, mti wa muda unaovunjwa na kujengwa upya kila mzunguko. Ukurasa unaoandikwaandikwa haufiki huko, na ni sawa, maana ungeunganishwa leo na kuvunjwa sekunde ile ile.

Usiku vibarua wako hawana kazi, hawafikishi maombi 300, wanaishi hadi alfajiri na mkaguzi anawamaliza wote. Asubuhi makarani wanafungua madawati, vibarua wanaanza kupokezana, na kila anayekufa anaondoka na sehemu yake ya kurasa. Hakuna kilichoharibika. Kasi ya ukaguzi wako na umri wa vibarua wako haviendani tu.

Unaweza kuongeza kasi. Kerneli 6.8 ina mshauri wa ndani:

`echo scan-time > /sys/kernel/mm/ksm/advisor_mode`

Huyo anapandisha na kushusha `pages_to_scan` mwenyewe ili mzunguko umalizike kwenye muda uliolengwa, na lengo la kuanzia ni sekunde 200. Akiwa kazini hutaweza kuandika `pages_to_scan` kwa mkono, usishangae ukikataliwa. Atakula prosesa zaidi, lakini kuna dari, `advisor_max_cpu`, ambayo imewekwa asilimia 70.

Ila nakuomba usianzie hapo. Anzia na mama.

Je, umewasha `preload_app`? Nahisi bado, kwa sababu MB 210 za peke yake kwa kila kibarua ni dalili ya kila mmoja kujipakilia Django nzima mwenyewe. Ukiwasha, mama anapakia programu mara moja, halafu kila kibarua anayezaliwa kwa `fork` (mama kujinakili) anaanza maisha akiwa anashiriki kurasa zote na mama. Hakuna foleni wala mkaguzi. Kibarua akifa dakika ya nane, mrithi wake anazaliwa ameshaungana.

Adui yako hapo ni hesabu ya marejeo ya Python. Kila kitu cha Python kina tarakimu inayosema wangapi wanakishika, na tarakimu hiyo inakaa ndani ya kitu chenyewe. Kukisoma tu ni kuiandika. Ukurasa unaandikwa, kerneli inamtengenezea kibarua nakala yake, na ushirika unakufa kurasa kwa kurasa. Lakini tarakimu hupanda na kushuka. Mara nyingi hurudi palepale ilipokuwa. Nakala inabaki ya pekee huku yaliyomo yakiwa sawa na ya ndugu zake. Hapo ndipo KSM inapookota kilichodondoka. Na kwa kuwa wote ni watoto wa mama mmoja, anwani zao za kumbukumbu ni zilezile, kwa hiyo hata kurasa zilizojaa vielekezi zinafanana baiti kwa baiti.

Hili si wazo langu. Kwa miaka mingi tangu KSM iingie Linux 2.6.32, Desemba 2009, njia ilikuwa moja: programu yenyewe iiombe kerneli, kwa wito wa `madvise` wenye `MADV_MERGEABLE`, kwa kila eneo la kumbukumbu. KVM, inayoendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), ilifanya hivyo, na ndiyo iliyotengenezewa. Programu ya Python haina namna nzuri ya kufanya hivyo. Stefan Roesch wa Meta ndiye aliyeleta wito wa `prctl` unaowasha KSM kwa mchakato mzima, ukaingia kerneli 6.4 mwaka 2023, na moja ya kazi alizoitolea mfano ni Instagram, ambayo ni Django yenye vibarua wengi wa mama mmoja. Hali yako kabisa, kaka.

Ongeza pia `gc.freeze()` kwenye `when_ready` ya Gunicorn, kabla vibarua hawajazaliwa. Inamwambia mkusanya taka wa Python asiguse vilivyokwisha pakiwa. Nayo ilitoka kwa watu wa Instagram, ikaingia Python 3.7. Na hakikisha mama hafungui muunganisho wowote wa PostgreSQL kabla ya `fork`, la sivyo vibarua watagombania soketi moja na utalia machozi.

---

Mzee_wa_Chumbageni:

Binti yangu Nyamizi ameeleza vizuri sana, nami sina la kuongeza upande huo. Ninataka kurudi kwenye swali la pili la kijana wetu, kwa sababu watu wanalipita haraka.

Mdogo wangu, unasema programu ya kusaini hujaiwekea `MemoryKSM` kwa hiyo iko salama. Nani anaianzisha? Ni huduma ya systemd inayojitegemea, au inaanzishwa na Gunicorn?

---

fundi_kihonda:

Shikamoo mzee. Inaanzishwa na mama wa Gunicorn wakati wa kuamka, kwa `subprocess`. Wanazungumza kwa bomba.

---

Mzee_wa_Chumbageni:

Marahaba. Basi haiko salama, na nitakueleza kwa nini.

Alama ya KSM iko kwenye kumbukumbu ya mchakato na inarithiwa. Systemd inaiweka kabla ya kuanzisha mama, mama anaipata, na kila anayezaliwa na mama anaipata. Katika kerneli 6.4 hadi 6.6 urithi ulikatika pale mtoto alipobadilika kuwa programu nyingine kwa `exec`. Watu walilalamika, kwa haki, kwamba hiyo inafanya `MemoryKSM` ya systemd isifanye kazi, kwa kuwa systemd yenyewe huweka alama kisha ikaita `exec`. Kerneli 6.7 ikarekebisha: sasa alama inavuka `exec` pia. Wewe uko 6.8. Kilichokusaidia kwa Gunicorn ndicho kilichokuingizia programu ya kusaini mlangoni bila hodi.

Usiniamini kwa maneno, tazama mwenyewe:

`cat /proc/NAMBA/ksm_stat`

ukiweka namba ya mchakato wa kusaini. Ukiona `ksm_rmap_items` ni zaidi ya sifuri, mkaguzi ameshapita nyumbani kwake na kumwandikia daftari.

Sasa kwa nini ujali. Ukurasa uliounganishwa umefungwa usiandikwe. Mtu akiuandika, kerneli lazima ikatize, inakili ukurasa, kisha imruhusu. Kuandika huko kunachelewa kuliko kuandika ukurasa wa kawaida, na ucheleweshaji huo unapimika. Mshambuliaji mwenye uwezo wa kuendesha msimbo kwenye mashine hiyo anatengeneza ukurasa wenye kile anachokisia, anasubiri, anauandika, anapima. Ukichelewa, amejua kwamba mahali fulani kwenye mashine kuna ukurasa wenye yaleyale.

Na si kukisia tu. Mwaka 2016 watafiti wa Vrije Universiteit ya Amsterdam walionyesha shambulio waliloliita Flip Feng Shui. Walitumia KSM kuweka ukurasa wa jirani kwenye sehemu ya RAM waliyokwisha jua ni dhaifu, kisha wakageuza biti kwa Rowhammer (kusoma safu za RAM mfululizo hadi biti za jirani zigeuke), wakaharibu ufunguo wa umma wa OpenSSH wa mashine pepe ya jirani hadi wakaingia. VMware walikuwa wameshazima ushirikishaji wa kurasa kati ya mashine pepe kuwa mpangilio wa kawaida tangu 2014. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, wakaonyesha kwamba hata kwa mbali, kupitia mtandao, tofauti hizo za muda zinaweza kusomwa.

Sisemi uzime kila kitu. Wateja wako hawaendeshi msimbo wao kwenye seva yako, na msimbo wa Gunicorn ni wako. Hatari yako ni ndogo kuliko ya mtu anayekodisha mashine pepe kwa watu asiowajua. Lakini ufunguo wa kusaini fedha za watu hauna sababu hata moja ya kuwa humo. Faida yake ni kurasa chache, hasara yake ni amana ya mtu.

---

fundi_kihonda:

Mzee, nimetazama. Zote 14 zina `ksm_rmap_items` zaidi ya sifuri. Nimekaa nikiitazama ile namba kwa muda. Miezi miwili nimekuwa nikiwaambia wenyeviti kwamba sehemu ya kusaini imetengwa.

Njia sahihi ni ipi? Niizime ndani ya programu yenyewe au niitoe kwa mama?

---

Mzee_wa_Chumbageni:

Vyote viwili, kwa mpangilio huu.

Leo usiku, weka mstari mmoja mwanzoni kabisa mwa programu ya Go, kabla haijasoma ufunguo: `unix.Prctl(67, 0, 0, 0, 0)`. 67 ni `PR_SET_MEMORY_MERGE`, na sifuri inayofuata ni kuzima. Inafuta alama na kutenganisha chochote kilichokwisha ungana. Kisha uliza kwa 68, ambayo ni ya kusoma hali. Ikirudisha kitu kisicho sifuri, programu ikatae kuendelea. Isisaini hata agizo moja.

Wiki hii, itoe kwa mama. Ipe huduma yake ya systemd, mtumiaji wake wa Linux, na izungumze na Gunicorn kwa soketi ya Unix. Hapo hairithi kitu kwa mtu. Mstari wa `prctl` uuache humo humo, kwa ajili ya yule atakayekuja baada yako na kubadilisha namna ya kuianzisha bila kujua habari hii.

---

mtu_wa_bandari:

Nimejifunza mengi hapa, na samahani kwa ile amri ya 2. Swali dogo kwa wenye Debian 12: kerneli yangu ni 6.1 na systemd 252. Nimeweka `MemoryKSM` na haikuleta kitu.

---

Nyamizi:

Haitaleta, ndugu yangu. Kipengele hicho kimeanza systemd 254, na wito wa `prctl` wenyewe umeanza kerneli 6.4. Systemd yako inausoma mstari huo kama neno isilolijua na kuuruka. Debian 13 ina vyote viwili. Ukibaki hapo ulipo, njia iliyopo ni `madvise` ndani ya programu. Kama ni mashine pepe za QEMU unazoendesha, hizo zinajiandikisha zenyewe tangu zamani; kwao kazi ni kumtoa usiyemtaka, kwa `mem-merge=off` kwenye `-machine`, au `nosharepages` kwenye faili la libvirt.

---

fundi_kihonda:

Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi na moja. Naandika kwa urefu kidogo ili atakayepita hapa baadaye akute namba kamili.

Nilianza na kusaini. Usiku uleule niliweka mstari wa `prctl`, Jumamosi nikazihamishia kwenye huduma zake. Nimepitia zote 14 mojamoja, `ksm_rmap_items` ni 0 kila mahali. Niliwapigia simu wenyeviti wote pia, nikawaeleza nilichokuwa nimekiamini na nilichokikuta. Mmoja, mwalimu mstaafu, aliniuliza maswali kwa dakika arobaini na nilimjibu yote.

Kisha nikafuata alichosema dada Nyamizi, hatua moja kila siku mbili ili nijue kila moja imeleta nini. Nimepima saa nne asubuhi, wakati ule ule uliokuwa ukinitesa.

`preload_app` pamoja na `gc.freeze()`: `available` kutoka GB 4.1 hadi 7.2. Hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na haina uhusiano wowote na KSM. Nilikuwa nimeruka ngazi ya kwanza.

Utengenezaji wa PDF nimeuhamishia kwenye mchakato wake unaokufa baada ya kila taarifa. Kwa kuwa vibarua hawavimbi tena, `max_requests` imekuwa 3000. Ukurasa wa wavuti wa karani unajisasisha kila sekunde 30 badala ya 5, na hakuna karani aliyelalamika. Kibarua sasa anaishi asubuhi hadi jioni.

Baada ya hapo ndipo nikawasha mshauri wa `scan-time`. Kwa mara ya kwanza `pages_sharing` imebaki juu mchana. `available` ilifika GB 8.5. Kwa hiyo KSM imeniletea GB 1.3, na `ksmd` inakula kama asilimia 6 ya kiini kimoja cha prosesa ikishatulia.

Nilitegemea zaidi kwa sababu SACCOS ni 14 na msimbo ni mmoja. Nimegundua kwamba kuungana kati ya SACCOS na SACCOS ni kudogo sana. Kila mama ameanza kivyake na Linux inampangia anwani tofauti, kwa hiyo ukurasa wenye vielekezi haufanani na wa mama mwingine hata kama vitu vilivyomo ni vilevile. Wanaoungana ni ndugu wa tumbo moja. Ningeweza kuwa na mama mmoja kwa SACCOS zote na kuokoa zaidi, lakini nilishasema mwanzo, hiyo siifanyi.

Jambo la mwisho ambalo sikulitarajia ni Celery. Nilitazama `ksm_stat` ya kibarua mmoja wa Gunicorn:

`ksm_rmap_items 31500`
`ksm_merging_pages 6912`
`ksm_process_profit 26295552`

yaani faida ya MB 26. Kisha ya mchakato mmoja wa Celery:

`ksm_rmap_items 71204`
`ksm_merging_pages 38`
`ksm_process_profit -4401408`

Hasara. Kila ukurasa unaofuatiliwa unagharimu baiti 64 za daftari la kerneli. Kurasa 71,204 zinafuatiliwa ili 38 ziungane. Celery yangu ina mchakato mmoja tu kwa kila SACCOS, haina ndugu wa kufanana naye. Nimeondoa `MemoryKSM` kwenye huduma zote za Celery. Hiyo imerudisha kama MB 60 na, zaidi ya hapo, imepunguza theluthi nzima ya kazi ya mkaguzi, mizunguko imekuwa mifupi kwa vibarua wanaomhitaji.

Dada, swali moja limebaki. Hizo GB 1.3, nizihesabu kama zangu nikipanga kuingiza SACCOS mpya?

---

Nyamizi:

Hongera kaka, na asante kwa kuwapigia wenyeviti.

Usizihesabu. Zile GB 3.1 za `preload` zina uthabiti kiasi, lakini za KSM ni mkopo usio na tarehe. Siku ya mwisho wa mwezi vibarua wote wakiandika kurasa zao kwa pamoja, kerneli italazimika kumpa kila mmoja nakala yake, na itazitaka GB hizo ndani ya dakika chache. Fuatilia `cow_ksm` kwenye `/proc/vmstat`, inahesabu kila ukurasa ulioungana uliovunjwa kwa kuandikwa. Ukiona inaruka tarehe 30, utajua. Panga SACCOS mpya kwa GB 7.2.

---

fundi_kihonda:

Sawa dada. Kwa GB 7.2, nikiacha GB 3 za akiba, zinaingia SACCOS nne, si sita. Ya 15 imeingia Jumatatu, ya wavuvi wa Mtera. Mbili za mwisho nimeziandikia kwamba zitasubiri seva ya pili.